Fundi wa Vitasa na Choo cha Kliniki

Mama Funguo alikuwa fundi wa vitasa, na mwili wake ulimchagulia ugonjwa wa dhihaka: kila alipotia ufunguo mlangoni, mkojo ulimjia mbio kama umeitwa. Si ule wa kusubiri. Ni ule wa sasa hivi, ukichelewa shauri yako. Wengine huwashika wakifika mlango wa kwao tu. Yeye ulimshika mlango wowote, na milango ndiyo iliyomlisha.

Nyumbani, mumewe aling'oa kitasa akaufunga mlango kwa kamba.

"Nyumba ya fundi vitasa inafungwa kama zizi la mbuzi," alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

"Cheka. Kamba imebaki, kesho naufunga mdomo wako."

Kazini hapakuwa na cha kuchekesha. Wateja walimwona akichomeka ufunguo, akitoa macho, kisha akitimua mbio na kuwaacha wamesimama nje ya nyumba zao wenyewe. Wakaanza kumkimbia. Muuza simu wa jirani akakitamani kibanda chake, naye Mama Funguo akaahidi kumpa jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliofuata. Kuuza hakutaka. Kazi nyingine hakuijua, na kushinda nyumbani akitazamana na yule mzee ilikuwa adhabu ambayo hakuona kosa lake.

Ndipo akaenda kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya gwaride, ambaye wagonjwa wake walimwita Afande. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kuitawala misuli inayobeba kibofu.

"Mkojo ukija ghafla, usikimbie," alimwambia siku ya kwanza. "Ukikimbia, kibofu kinajua kimekuweza. Simama. Kaza misuli ya chini, kama unayezuia ushuzi mbele ya wakwe. Achia. Kaza, achia, upesi upesi. Pumua. Hamu ikipungua, nenda chooni kama mtu mwenye heshima zake."

Mama Funguo alifanya mazoezi kitandani, kwenye kiti, akimenya viazi. Afande akamwambia alete kitasa kilichopigiliwa kwenye ubao, akifungue na kukifunga palepale kliniki. Wiki zikapita. Mbio zikawa mwendo wa haraka, mwendo wa haraka ukawa mwendo. Lakini ubao si mlango, na mlango wa mtu alikuwa bado hajajaribu.

Ijumaa ya jibu ikafika, akaenda kliniki. Alikuta wagonjwa wote wamesimama, magoti yamebanana, macho kwenye mlango wa choo. Choo chenyewe kilikuwa kimoja tu. Afande alikuwa ndani, na kitasa kilikuwa kimegoma.

"Nani ameingia?" sauti ikatoka chooni.

"Mama Funguo."

"Una vifaa?"

"Ninavyo. Lakini Afande, unanijua nikigusa kitasa..."

"Ndiyo maana unakuja hapa. Fungua!"

Akapiga magoti, akaingiza waya. Mkojo ukaja palepale.

"Umekuja!"

"Acha waya! Tulia! Kaza! Na nyie wengine, kazeni!"

Chumba kizima kikakaza. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameng'ang'ania mgongo wa kiti, akauliza, "Afande, mimi nimekaza tangu nifike. Nifanyeje?"

"Achia kidogo, mwalimu, ndipo ukaze upya."

"Hapa hakuna kidogo, binti yangu. Nikiachia, nimeachia."

Wakati huohuo akaingia mleta maji na dumu begani. Akasalimia, akaanza kumimina maji kwenye pipa la kona. Glu, glu, glu.

"We baba!" wanawake wakanguruma kwa pamoja. "Toka na maji yako!"

Akatoka kinyumenyume.

"Tusimsikilize huyo!" Afande akapaza sauti. "Pumueni! Mama Funguo, vipi?"

Mama Funguo alikaza, akaachia, akakaza. Matone mawili matatu yalimponyoka, akayasamehe. Kisha hamu ikalegea, polepole, kama mgeni aliyeona hakaribishwi. Akashika waya tena. Akasukuma, akazungusha, kitasa kikalia, mlango ukafunguka.

Hakuna aliyekimbia.

"Tangulia, mwalimu," mama mmoja mjamzito akasema.

"La, tangulia wewe, una mimba."

"Mimi nitasubiri, shikamoo yako kwanza."

"Safi!" Afande akapiga makofi. "Huo ndio ustaarabu!"

"Marahaba, na ustaarabu tutaumalizia baadaye," mwalimu akasema, akaingia kwa mwendo wa bibi harusi.

Mama Funguo akajipanga nyuma ya wenzake. Simu ikalia. Muuza simu.

"Leo Ijumaa, mama. Umeamuaje?"

"Kibanda hakiuzwi."

"Na afya yako je?"

"Iko kwenye foleni. Kata simu, mstari umesogea."