Bwana, Mnyooshe

Kila asubuhi, kabla hatujachomeka pasi, Mama alikuwa akisali. Aliwaombea wateja, akaombea umeme usikatike, akaniombea na mimi nipate mume mwenye subira. Kwa kuwa nilijua anakusudia nini kwa hilo neno subira, hapo nilikuwa siitikii amina. Mwisho alishusha sauti na kusema, "Na yule Kibiriti, Bwana, mnyooshe."

Kibiriti alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, meza zao zikitazamana, na mimi nilikua nikimwita Mama Mdogo. Jina la Kibiriti alipewa kazini kwa tabia yake ya kuwaka upesi. Siku moja aliacha pasi juu ya gauni la bibi harusi akaenda mlangoni kupiga soga, na aliporudi, kifuani mwa gauni palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Meneja alipouliza, Kibiriti akasema ni mkono wa Mama. Mama akafukuzwa. Kibiriti akabaki, na baadaye akapandishwa cheo akawa msimamizi. Sisi tukaanza udobi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na lile jina la Mama Mdogo nikalimeza.

Kinywani mwa Mama, kunyooshwa hakukuwa jambo jema hata kidogo.

"Simwombei kifo," aliniambia nilipomtania. "Mimi ni Mkristo. Naomba kitu kidogo tu cha kumtia adabu. Jino, kwa mfano. Jino la nyuma."

Lakini Mungu alikaa kimya, na kimya chake kilimkera Mama. Kila habari iliyotufikia ilikuwa kwamba Kibiriti amenawiri, Kibiriti anaimba kwaya, Kibiriti ana meno yote. "Sasa haki iko wapi?" Mama aliuliza, akaibamiza pasi mezani, kisha akaiinua haraka kuangalia kama haijapasuka. Nilimpenda sana wakati kama huo, akigombana na Mwenyezi Mungu huku akikagua waya.

Kisha Jumamosi moja Kibiriti akasimama mlangoni kwetu. Shikamoo ilinitoka kabla sijaizuia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa Mama, aliyekazana na kola ya shati kana kwamba hakuna aliyeingia.

"Nimekuja kunyoosha maelezo," Kibiriti akasema. "Lile gauni niliunguza mimi. Wewe unajua, mimi najua. Nataka na meneja ajue."

"Umepatwa na nini? Unaumwa?" Mama aliuliza, na nikasikia tumaini kidogo katika sauti yake.

"Siumwi. Nimeshindwa tu. Kila nikipiga magoti, jina lako linatangulia. Sijui ni nani aliyeniombea."

Nikainama kuokota hanga ambayo haikuwa imeanguka.

"Twende wote," Kibiriti aliendelea. "Nikienda peke yangu nitarudia njiani. Najijua."

"Watakufukuza."

"Najua."

Mama akanivuta nyuma ya pazia, kwenye rafu za nguo zilizokunjwa. Akaninong'oneza kwa hasira:

"Umemsikia? Miaka yote hii namwomba Mungu amnyooshe, halafu ananiletea mtu mwema mlangoni."

"Si ndiyo amenyooka, Mama?"

"Mimi nilimaanisha ile nyingine."

"Kunyoosha ndiyo kazi yako, Mama. Uliwahi kushika pasi kwa nia ya kuikomoa nguo?"

Alinitazama, nami nikajiandaa kutolewa maneno ya nguoni. Badala yake alirudi mezani, akachomoa pasi, akaniambia nimletee viatu vyake vya kanisani.

Ofisini kwa meneja, Kibiriti alisema yote akiwa amesimama. Hakusingizia haraka, hakusingizia pasi mbovu, wala hakusahau kutaja ile soga ya mlangoni. Meneja alimtaka Mama radhi. Kisha akamwambia Kibiriti aache funguo za stoo. Zilipogonga meza nilimgeukia Mama, maana hiyo ndiyo haki aliyoililia muda wote, na nilitaka kumwona akifurahi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa amemshika Kibiriti mkono, na hakumwachia mpaka tulipokuwa barabarani.

Tulipofika nyumbani Mama alitoa pasi ya pili kabatini, akazichomeka zote mbili.

"Mashati hayo hayatajipiga pasi yenyewe," akamwambia Kibiriti. "Na ukisikia soga mlangoni, ziba masikio."

Kibiriti alicheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akabaki amesimama na shati la watu mkononi. Nilikuwa na hasira yangu mwenyewe, nayo ilikuwa haijaisha. Lakini nilimhurumia.

"Maji ya kunyunyizia yako hapo, Mama Mdogo," nikamwambia. Jina lilitoka limejikunja kidogo, kwa kukaa muda mrefu bila kutumika.

Jumatatu asubuhi tulisimama watatu mbele ya meza. Mama aliwaombea wateja, akaombea umeme, akafika kwa mume wangu mwenye subira. Kisha akashusha sauti kwa mazoea.

"Na yule..."

Akafumbua macho. Kando yake Kibiriti alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa, akingoja kujua ni nani anayeombewa.

"Na mimi, Bwana," Mama akasema, "uninyooshe na mimi. Ila pasi isiwe ya moto sana."

Nikaitikia amina ya yote, hata ya yule mume.