Vidonge vya Nyuki
Kefa na ndugu zake walimleta baba mkwe kwa machela ya matawi, mguu wake umepinda vibaya chini ya goti. Mama mkwe, Raheli, alipiga yowe. Mimi nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikijua tayari kwa nini mzee ameanguka.

Siku mbili kabla, nyuki wa msitu wa Mgori walimvimbisha uso hadi macho yakafumba. Kefa, mwenzake wa kurina asali kwa miaka mingi, alimcheka: "Mzee Mughwai, leo hata mkeo atakuuliza unatoka kijiji gani!"

Mume wangu alikuwa mbali, katika mashamba ya mkonge ya Wazungu, kwa hiyo nilitumwa mimi zahanati. Mganga Laurian alinifungia vidonge sita katika karatasi.

"Ni dawa mpya," alisema. "Inatuliza mwasho na uvimbe, lakini inafika mpaka kwenye ubongo na kuleta usingizi. Wanaoitengeneza wenyewe bado wanachunguza inafanya nini humo. Anywe kimoja kila jioni, na asipande mti mpaka viishe. Umesikia, binti?"

Nilisikia. Lakini kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe wake. Neno likiwapo, hupitia kwa mumewe au kwa mama mkwe. Nilimkabidhi mama ile karatasi.

"Mganga kasemaje?"

"Anywe, mama."

Hayo tu. Kusema mzee asipande mti niliona ni kama kumpa amri, mimi mke wa mwanawe. Nikainama, nikaendelea kusaga uwele.

Asubuhi ya kuanguka, mzee alimeza viwili kwa pamoja, akaenda kushusha mzinga.

Sasa alikuwa kitandani, jasho likimtoka, anamfokea Kefa.

"Kamba yako ya kupandia ndiyo iliyonivunja! Umesuka takataka!"

"Kamba haikukatika, mzee. Ulikuwa unapiga miayo kama mtoto, ukaachia tawi mwenyewe."

"Mimi? Mimi nisinzie mtini? Toka! Usikanyage tena kwangu."

Kefa alinipita mlangoni bila kuniona. Kunyamaza kwangu kulikwisha kumvunja mtu mmoja mguu; sasa kulikuwa kunamfukuza mwingine.

Niliingia chumbani. Mama alinitolea macho.

"Baba, shikamoo," nilisema nikitazama sakafu. "Kamba ya Kefa haina kosa."

Mzee aligeukia ukutani, kama desturi inavyotaka. Nilidhani atanifukuza mimi pia.

"Raheli," alisema kwa ukuta, "mwambie aseme yote."

Nikasema yote: vidonge, usingizi, mti, na lile neno nililolimeza.

"Kefa aitwe," alisema.

Mama alinyanyuka. Mzee alikuwa bado anatazama ukuta.

"Miaka miwili yupo hapa," alisema polepole. "Kumbe sauti yake ndiyo hii."