Orville Amekalia Maikrofoni

Nilifika Kansas nikifuata mashine za kuvuna ngano, na nia yangu ilikuwa kukaa wiki mbili. Pikapu yangu ikafia mjini Harpster, mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote, basi nikabaki. Masika huko kila mtu ana shughuli yake. Wengine wanalima, wengine wanasali, na sisi wa chama cha redio tunaegesha magari juu ya vilima na kutazama mawingu.

Hatulipwi. Watu wa hali ya hewa wana mitambo ya kuona mvua kutoka mbali, lakini mitambo hiyo haioni kinachotokea chini ya wingu, karibu na ardhi. Hapo anatakiwa mtu mwenye macho na redio. Redio zetu nazo ni dhaifu, kwa hiyo juu ya ghala refu la nafaka tumefunga ripita, mtambo unaodaka sauti ndogo ya mtu aliye mbali na kuirusha upya kwa nguvu, wilaya tatu zikasikia. Ila unabeba mtu mmoja tu kwa wakati. Mmoja akishika kitufe cha maikrofoni, wengine wote wanangoja.

Ili mtu asijisahau, ripita huwa na kikatio. Ukiongea zaidi ya dakika tatu, inakufungia. Yetu ilikuwa haikati tena. Fundi wetu, Orville Schrag, ni mtu wa maelezo marefu, na kikatio kilikuwa kimemkata mara nyingi kabla hajafika anakokwenda. Alipopanda ghalani kubadilisha betri, akakizima kabisa. Alitueleza mkutanoni bila kuficha. Tukapiga kura ya kumshukuru kwa betri.

Aliyetuongoza hewani ni Mama Verlene Stucky, mjane, zamani msimamizi wa mabasi ya shule. Alituongoza akiwa jikoni kwake. Kwake ripoti ina mambo matatu: unaona nini, uko wapi, kinaelekea wapi. Ukiongeza la nne anakwambia "Asante" kwa namna ambayo unabaki kwenye gari ukiyafikiria maisha yako. Na hakuna kuhama kituo bila kumwambia. Hilo kwake ni sawa na kuiba.

Shida ilikuwa masikio. Kila ripoti, "Rudia." Siku moja nilimwambia naona mvua ya mawe, kila jiwe kama yai. Nilipomaliza kurudia mara ya nne, mawe yalikuwa yameyeyuka.

Tukakutana mgahawani bila yeye, mbele ya mabakuli ya maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, tukakubaliana kwamba mtu amwambie apumzike. Tulimchagua Orville kwa sababu maneno anayo. Akasema sawa, atamwambia uso kwa uso, mara tu dhoruba ijayo itakapopita.

Dhoruba ijayo ilikuja Jumanne ya mwezi wa tano, mchana. Mimi nilikuwa kwenye kilima cha magharibi. Orville alipangiwa kilima cha makaburi ya Waluteri, upande wa kusini. Wingu likashuka, likaanza kujizungusha, na chini yake nikaona mkonga wa kimbunga unagusa shamba la mtu. Nikanyanyua maikrofoni niripoti. Ripita ilikuwa na mtu tayari.

"Verlene, mama yangu," sauti ya Orville ilisema, "unajua sote tunakupenda." Kiti cha gari kikalia kwi. "Hapana, hiyo inaanza kama msiba. Gus, ungekuwa wewe ungeanzaje?"

Gus ni mbwa wake. Hakutoa maoni.

Tukaelewa sote kwa pamoja. Amekalia maikrofoni. Redio iliyobanwa kitufe hairuhusu wengine kusema, na yenyewe haisikii lolote. Kikatio kingemnyamazisha, lakini kikatio ndiyo hivyo tena. Simu ya Orville, kama kawaida yake, ilikuwa kwake mezani ikila chaji.

Tukahamia masafa ya akiba, yasiyopita kwenye ripita. Wengi wetu tulikuwa na redio mbili, kwa hiyo huku tunaongea, huku Orville anaendelea.

"Mama Verlene, naona kimbunga," nikasema. "Kimegusa chini, kusini ya barabara ya lami. Kinakwenda kaskazini mashariki. Kimejifunika mvua, aliye mbele yake hakioni."

"Rudia."

Nikarudia.

"Lavonne, wewe uko karibu na makaburi. Mtoe Orville."

Lavonne Unruh anauza chakula cha mifugo na hana adabu. "Niko hapa makaburini, mama. Waliopo wote wamelala. Orville simwoni."

"Kahama bila kuniambia," akasema Verlene. Kwa sauti ile, kimbunga kilikuwa kosa la pili.

Kwenye redio nyingine Orville alikuwa amepamba moto. "Si kwamba wewe ni kiziwi, Verlene. Kiziwi ni neno kali. Tuseme masikio yako yamestaafu kabla yako." Gus akabweka. "Eeh, hiyo nzuri, siyo?"

"Jamani, mtu amzime huyu," Lavonne akasema.

Mama Verlene alikuwa na redio mbili, sawa na sisi. Kila mmoja alijiuliza kama anayasikia haya, na hapakuwa na masafa ya kuliulizia swali hilo.

"Nyamazeni," akasema. "Nyuma yake. Mnasikia?"

Mimi nilisikia upepo na mbwa.

"Inaguna. Hiyo ni pampu ya kisima cha mafuta cha shamba la Koehn. Inaguna kama ng'ombe anayezaa, inaninyima usingizi tangu marehemu mume wangu yuko hai. Orville yuko nyuma ya nyumba yangu."

Baadaye daktari wa masikio alieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zilizomtoka, nzito zimebaki. Siku ile hatukujua. Mimi nilitazama mkonga ulivyopinda.

"Mama, kinakuja kwako. Shuka kwenye chumba cha chini ya ardhi sasa hivi."

"Shika uongozi wewe. Mambo matatu. Usiongeze."

Akaondoka. Hakuna mwanachama aliyewahi kumsikia Verlene akiacha maikrofoni. Tukabaki na Orville.

"Na isitoshe, Verlene, si mimi. Ni kamati. Hasa yule mzee wa ngano, ndiye aliyeanza."

"Kumbe," Lavonne akaniambia.

"Hewa itumike kwa ripoti tu," nikamjibu. Mimi ndiye kiongozi.

Kisha ikasikika injini ndogo ikikaribia. "Gus, nani huyo anakata nyasi saa hizi?" Ilikuwa ile mashine ya kukatia nyasi ambayo mtu anaiendesha ameikalia. Verlene hakupoteza muda kutafuta ufunguo wa gari. Kioo kikagongwa.

"Verlene! Ndiyo kwanza nilikuwa nata—"

"Inua tako."

"Nini?"

"Inua tako, Orville, umekalia maikrofoni. Halafu geuka utazame nyuma."

Kiti kikalia tena, akigeuka.

"Mungu wangu."

"Mbebe mbwa. Twende."

Redio ikakatika, ripita ikawa huru. Nikaripoti mambo matatu. Halafu mvua ikaifunika nyumba ya Verlene, na ilipoifunua mbao zilikuwa zinazunguka angani. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikaacha uongozi na kukimbiza gari, na mlangoni nikamkuta Lavonne ameshafika.

Jiko halikuwa na paa. Pikapu ya Orville ilikuwa shambani, magurudumu juu. Mashine ya nyasi ilipatikana siku nyingine kwenye bwawa la jirani. Friji ilikuwa imeangukia mlango wa chumba cha chini ya ardhi. Tukaisukuma. Akatoka Gus, akatoka Orville, mweupe kama unga, akatoka Verlene na redio ya mkononi. Redio ile haifiki popote ukiwa chini ya ardhi.

"Nimewaita, nimewaita," akasema. "Hamna masikio?"

Nje pampu ya Koehn ilikuwa inaguna.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgahawani, na Verlene ndiye aliyeuongoza, akiwa na vifaa vipya vya kusikia masikioni. Bado anasema "Rudia," nadhani ni mazoea. Lililojadiliwa ni moja: Orville apande ghalani akawashe kikatio.

"Dakika tatu kama zamani?" Orville akauliza.

"Moja."

Tukanyoosha mikono wote. Orville naye alinyoosha, kisha akaomba kueleza kwa nini amenyoosha.

"Asante," akasema Verlene.