Mkono wa Kaka na Breki ya Kulia

Jamani, kaka mtu na gari lake! Siku alipolileta mbele ya duka la dada yake mshonaji, alipiga honi mpaka wateja wakatoka nje na vitambaa mkononi. Alikuwa dereva wa ofisi hadi alipostaafu, mtaani wanamwita Taratibu, na sasa macho yamechoka, kwa hiyo gari anamuuzia mpwa wake kwa bei ya undugu. Cheti cha ukaguzi akakipeperusha hewani.

"Limefaulu! Someni wenyewe. Taa, breki, kila kitu."

Mshonaji alifurahi, kwa nini asifurahi? Binti yake ndiyo kwanza amepata leseni na kazi, na kazini kwenyewe ni chini ya mteremko mkali. Kaka alipoondoka, akavaa miwani, akakisoma cheti mpaka chini. Huko chini palikuwa na maneno ya kalamu: breki za mbele, kulia hafifu kuliko kushoto, tofauti inakaribia kikomo. Akayasoma tena.

Mshonaji hakumwambia kaka yake. Utaanzaje kumwambia Taratibu kuwa breki zake zina kasoro? Angenuna mpaka mwakani. Kesho yake akaenda mwenyewe kituo cha ukaguzi, akamkuta mkaguzi aliyeyaandika maneno yale anakunywa chai.

"Samahani baba, gari la cheti hiki limefaulu au halikufaulu?"

"Limefaulu, mama. Ila hayo niliyoandika ni onyo. Mashine yetu inapima kila gurudumu peke yake. La kushoto linakamata vizuri, la kulia linasuasua. Lingezidi kusuasua kidogo tu, ningelikataa."

"Sasa barabarani inakuwaje?"

"Ukifunga breki ghafla linavuta kushoto. Usipolizuia kwa usukani, linakupeleka mtaroni."

"Mbona kaka yangu analiendesha bila shida?"

Mkaguzi akainua mabega. "Atakuwa amelizoea."

Alipokuwa njiani kurudi ndipo akaukumbuka ule mkono. Kila Taratibu anaposimamisha gari, mkono wake huzungusha usukani kidogo kulia. Familia nzima inaujua, watoto humwigiza mezani, wote wakidhani ni mbwembwe za dereva mkongwe. Kumbe mbwembwe wapi! Mkono ulikuwa unaziba pengo la breki, na mwenyewe hana habari. Mkono wa binti yake ungejulia wapi?

Akaenda moja kwa moja kwa kaka. Kama alivyotarajia, mzee alikuja juu.

"Mimi? Gari langu halina hata mkwaruzo, leo unanifundisha breki?"

"Sikusemi wewe, kaka. Nasema gari. Twende pale kiwanjani, ufunge breki bila kushika usukani. Likinyooka, nitakuomba radhi mbele ya watu."

Hapo akakubali, tena mbio, maana alitaka kuombwa radhi. Kiwanja kilikuwa kitupu. Akaongeza mwendo kidogo, akaachia usukani, akakanyaga. Gari likakata kushoto, likasimama limeutazama ukuta.

Kaka akazima injini.

"Ningempa mtoto," akasema. "Ningempa hivihivi, na honi nikapiga."

Machozi yalimlengalenga. Mshonaji akamshika bega. Taratibu akalipeleka gari gereji siku ileile. Fundi akakuta kutu imeganda kwenye breki ya kulia, akaweka vifaa vipya pande zote mbili.

Siku ya kulichukua, Taratibu alishikilia kulijaribu yeye kwanza. Dada akakaa mbele, binti nyuma. Kwenye geti la gereji akafunga breki. Breki zikakamata sawasawa, lakini mkono ukafanya mambo yake, ukazungusha kulia, na gari likaenda kugusa rundo la matairi mabovu.

Binti akaangua kicheko. "Mjomba!"

"Nyamaza wewe," mama yake akamkemea, huku na yeye amebana cheko.

Taratibu hakucheka. Aliutazama mkono wake kama anauona leo. Kisha akazima gari, akashuka, akazunguka upande wa pili.

"Dada, nenda nyuma. Na wewe mpwa wangu, njoo ushike usukani. Mimi gari hili silijui tena."

Binti akaliondoa polepole. Kwenye njia panda akafunga breki, gari likasimama limenyooka. Mshonaji, kutoka kiti cha nyuma, aliuona mkono wa kaka yake juu ya goti, unazunguka kidogo kulia.