Pua Yangu na Bwana Hewa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ndani ya bomba la majitaka, nimevaa suti niliyoolea, na bomba lenyewe limevaa kofia.

"Vua," nikaliambia. Kofia inayovaliwa gizani mimi siiamini.

"Nasikia baridi."

"Humu kuna joto la kuivisha ndizi. Vua."

Linavua. Chini, maji yanakopita, zege ni zima kabisa. Juu limelika lote, zimebaki nondo zinaning'inia kama mbavu buchani. Barabara nzima ya mjini inakaa juu ya kofia ile.

"Nani kakula?"

"Waulize wanaosimama," likasema, likavaa kofia haraka.

Ukutani pana bango: MAJITAKA HAYARUHUSIWI KUSIMAMA. Chini yake majitaka yamesimama, yanapiga soga. Kila tone likichoka kusimama linageuka hewa na kupanda juu. Yaliyobaki yananitazama kama mimi ndiye mkosaji.

Nikaifuata hewa. Nikasukuma mlango, nikajikuta sebuleni kwa mama mkwe wangu, Tanga. Nikavua viatu. Kwenye kochi amekaa Bwana Hewa wa Chemba, mnene, anatafuna kipande cha dari ya bomba kama kashata. Kando yake imekaa pua yangu, inakunywa chai. Nikajipapasa usoni. Uwanja mtupu.

Hofu ikanishika, tena hofu ya kweli. Kikosi chetu cha kuzibua majitaka kina utaratibu mmoja: chemba ikifunguliwa nainama mimi, Mhando, nanusa, ndipo shemeji yangu Semkiwa anashuka na kamba. Kipima hewa tulipewa, kipo kabatini ndani ya nailoni yake kisije kikachafuka. Jana mchana niliinamia chemba ya sokoni. Mwanzo palinuka mayai viza, kisha harufu ikakata. Nikasema hewa mbaya imetoka, kesho asubuhi Semkiwa ashuke.

"Mnafahamiana?" nikaiuliza pua.

"Tangu jana," ikajibu bila kuniangalia. "Nilitaka kukuambia, akasema nisijisumbue, nipumzike. Nimechoka, Mhando. Unaniinamisha kwenye mashimo miaka yote, hujaniuliza hata siku moja nimeamkaje."

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa usoni.

"Kwa hiyo jana huyu hakuwa ameondoka?"

Bwana Hewa akacheka kwa adabu. "Niondoke niende wapi? Nikiwa kidogo napiga hodi, mtaa mzima unaziba pua. Nikijaa, naingia kimya."

"Na hapa unamngoja nani?"

"Mgeni wangu. Nasikia ni kijana wa nyumba hii." Akaelekeza kikombe kwenye picha ukutani. Semkiwa alikuwa anacheka humo, ameshika kamba. "Wewe ndiye uliyemwalika, bwana. Mbona unaniangalia vibaya?"

Nikairukia pua yangu. Ikateleza, ikakimbilia chini ya kochi, na mimi nikaamka.

"Baba Zuena! Nyumba inafuka moshi na wewe umelala tu? Husikii harufu?"

Mke wangu Rukia alikuwa mlangoni, ameziba pua kwa kanga, mkononi ana sufuria ya maziwa iliyoungua mpaka ikawa mkaa. Moshi ulikuwa umejaa chumba kizima na macho yalikuwa yananitoka machozi. Nikavuta hewa kwa nguvu zangu zote. Hakuna kitu. Nikamnyang'anya sufuria, nikaingiza uso ndani.

"Umerogwa?" akaniuliza.

Nikamwambia anipe simu. Semkiwa akapokea, na nyuma yake nikasikia mfuniko wa chuma unaburutwa.

"Shemeji, umelala kama bwana harusi! Tumeshafungua, kamba ninayo kiunoni. Leo hapanuki hata chembe, kama ulivyosema. Nashuka."

"Usishuke! Rudisha mfuniko, mwondoke hapo wote. Mtu aende ofisini akalete kile kipima."

"Kwani umenusa nini huko nyumbani?"

Rukia alikuwa anakohoa, ananiangalia, hajui ni kaka yake ninayezungumza naye.

"Sinusi kitu, Semkiwa," nikamwambia. "Wallahi, sinusi kitu chochote."