Suruali ya Masika

Barua ya ofisi ya mifugo ilifika Alhamisi, ikasomwa mara moja, ikakunjwa, ikabanwa chini ya kandili. Thoya arudi kazini Jumatatu ya kwanza ya Aprili, juu ya pikipiki yake. Akishindwa kuipanda, ataachishwa kazi kwa sababu ya afya, na pikipiki apewe mwenzake wa ofisini, Musyoka, ambaye alikwisha kuulizia ufunguo mara mbili.

"Nishonee suruali," Thoya akamwambia mkewe.

Kanze alikuwa akimmenyea mtoto ndizi. "Kanunue ya duka."

"Ya duka kaishona asiyeujua mguu wangu."

"Mimi niliujua. Na yakawa yale."

Binti yao Idah, wa mwaka mmoja na nusu, akaipokea ndizi yake na kuipaka kwenye nywele.

Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kanze hakushtuka. Aliitazama ile barua kama mtu atazamavyo kalenda ya mwaka uliopita, akainuka, akaenda kuchota maji.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Thoya alikuwa bwana mifugo, kazi yake kuzunguka majosho ya ng'ombe, Kakuyuni hadi Jilore na Langobaya. Masika yaliyopita alikuwa akirudi nyumbani Dabaso amerowa chapachapa kila siku, na suruali yake ya jinzi ilichukua siku mbili kukauka. Kanze, fundi wa cherehani, akafikiri akapata dawa: akamshonea suruali ya tetroni. Tetroni hukauka kabla hujamaliza kuianika. Majirani wakaisifu, wengine wakaleta vitambaa vyao nao washonewe. Hakuna aliyefikiria moto. Nani afikirie moto siku ya mvua?

Thoya akaanguka kwenye mtelemko wa Jilore, udongo mwekundu umeteleza kama sabuni. Pikipiki ikamlalia mguu wa kulia, na bomba la ekzosi likamshika shavu la mguu. Alikuwa peke yake. Mwenyewe alisema kwamba alisali Baba Yetu yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo watu wakafika kuiinua. Tetroni haikuungua. Iliyeyuka. Siku tisa muuguzi aliitoa nyamani kwa koleo dogo, kipande baada ya kipande, na aliyeshika beseni ni Kanze. Siku ya nne aliuona mle ndani mshono wake mwenyewe, ule wa pindo, aliopitisha uzi mara mbili. Ulikuwa haujafumuka. Mshono ule alikuwa akijivunia.

Tangu hapo hakulia. Alikula, alinyonyesha, alifua, alikwenda kisomo chake cha jioni pale shuleni na akapata alama nzuri. Cherehani aliifunika leso. Ukimwuliza habari alikwambia njema, wala hakuwa akikudanganya. Alijitafuta ndani asikute kitu kingine cha kusema.

Ijumaa asubuhi akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la kisomo, akaandika *Masika*, na chini yake: maji, tope, kuanguka, moto. Upande wa pili akaandika *Kiangazi*. Kalamu ikakaa hapo. Kiangazi hakukiona. Alijaribu kumfikiria Thoya akipita kwenye vumbi la Langobaya mwezi wa Januari, na mbele yake hapakuja picha yoyote. Akafunga daftari, akambeba Idah, akaenda Malindi.

Muhdhar alikuwa na duka la mitumba mji wa kale, nguo zilizoachwa na wageni wa mahoteli. Lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Chetezo kiko sakafuni, ubani unapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Idah. Umepotea! Nilidhani umeolewa Lamu."

"Nataka suruali ya kupandia pikipiki. Wakati wa mvua."

Muhdhar alipenda mteja anayejua anachotaka, kwani ndiye anayeweza kuuziwa kitu kingine. Akatundua suruali ya ngozi nyeusi, laini, ya kiuno cha nyigu. "Hii ya Mtaliana. Alikuja na pikipiki kutoka kwao hadi hapa. Ngozi ya ndama. Ukianguka, barabara ndiyo inayochubuka."

"Jua likitoka?"

"Jua likitoka, mwanangu, mumeo ataiva. Sikufichi. Ni tanuri ya miguu." Akatoa nyingine, ya mpira wa manjano. "Basi hii. Ya wazungu wa mashua za kuvulia samaki. Haipiti tone."

"Na moto?"

"Moto gani tena? Si umesema mvua?"

Kanze akamweka mtoto chini, akainama, akaligusisha pindo la ile suruali ya mpira kwenye kaa la chetezo. Likatoa povu, likanuka, likanata.

"We mama!" Muhdhar akaruka. "Umekuja kununua au kunichomea duka?"

"Nitailipa," akasema Kanze, na sauti yake ilikuwa tambarare hata mzee akarudi nyuma hatua moja. Akatwaa ile ya ngozi, akaligusisha pindo lake kaa lilelile. Ngozi ikajikunja taratibu, ikawa ngumu. Haikunata. Akajaribu na jinzi nene ya bluu iliyokuwa juu ya kochi: ikageuka kahawia, ikatoa moshi, nayo haikunata, lakini alipoimwagia maji ya kikombe iliyanywa yote.

Akasimama akizitazama zote tatu. Kinachozuia maji hushindwa na moto, na kinachostahimili moto hunywa maji. Mwaka mzima jambo lile lilikuwa wazi kama kiganja, na yeye alikuwa ameangalia upande mmoja tu.

"Nipe zote."

"Alhamdulillahi. Ila hii ya Mtaliana haitamwingia Bwana Thoya. Ana mapaja yule."

"Hataivaa. Naikata."

"Unaikata!" Muhdhar akaishika suruali ile kifuani kama mtu anayetaka kunyang'anywa mtoto. "Suruali iliyovuka jangwa!"

"Nataka mguu mmoja tu, mzee. Mwingine nitakurudishia."

"Nimwuzie nani mguu mmoja?" akauliza Muhdhar, lakini akaifunga kwenye gazeti.

Jumamosi Kanze akaiondoa leso juu ya cherehani, akaitia mafuta, akaifungia sindano nene. Aliibana jinzi pembeni ili ikae mwilini. Kisha akahitaji kitu cha kujaza magotini na nyongani, mahali mtu anapoangukia. Alijaribu sufi ikakusanyika bonge moja. Alijaribu gunia, likawasha mwili.

Mama mkwe wake, Nyevu, alikuwa amekaa mlangoni akimtazama. Nyevu alikuwa wa wale wamama wa Kigiriama wasioacha hando, ile sketi nyeupe ya bafta yenye marinda juu ya marinda, iliyojaa kiunoni. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na hando lake la pili, la ngoma, lililokunjwa tangu mzee wake alipokufa.

"Shika, mkazamwanangu."

"Mama, hili la ngoma."

"Nicheze na nani? Mimi nimeanguka na hando mara ngapi. Nimeanguka kisimani, nimeanguka mnazini..."

"Mnazini, mama?"

"Nilikuwa msichana. Usiulize. Nilikaa chini nikainuka, mfupa mzima. Huyo mwanangu kaanguka mara moja tu na tetroni yenu ya kisasa."

Neno lile lingemchoma mwingine. Kanze aliona midomo ya mama mkwe ikiwa imekwisha kujuta, akamwambia, "Kweli, mama," akachukua mkasi.

Marinda yalikuwa tayari yamepangwa, matabaka manne, matano. Aliyakata mraba, akayashonea nyongani na magotini bila kuyafumua. Kisha ile ya mpira, ya kuvaliwa juu. Akaifanya pana, iingie na viatu ndani, ifungwe kwa lastiki. Mguu wa kulia, upande wa ndani, kutoka gotini hadi kifundoni, akautoa mpira wote, akatia ngozi ya Mtaliana, nyuma yake marinda ya hando, na ngozi akaipaka mafuta ya ng'ombe maji yateleze. Pindo akalipitisha uzi mara mbili. Mkono ulisita kidogo hapo, kisha ukaendelea.

Jumapili, baada ya kanisa, Thoya akajaribu. Zilimkaa. Akatembea uani akichechemea, akasema, "Nzuri," kisha akazivua upesi, na Kanze akaona jasho juu ya mdomo wake. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe anaogopa, na kwamba hofu ile si ya pikipiki peke yake. Alikuwa ameomba nguo kutoka mikono ileile, na sasa hakuweza kuiamini.

"Washa pikipiki," akasema Kanze.

"Ya nini?"

"Iwashe. Iache ipate moto."

Thoya akaipiga teke. Ikanguruma uani, kuku wakatawanyika. Kanze akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa zile suruali mbili, ameikunja miguu kwa kuwa ilikuwa mirefu.

"Yesu!" Nyevu akapiga makofi. "Nimepata mwana wa pili wa kiume! Bado ndevu."

Kanze akalinyunyizia bomba maji, yakatoa mvuke na kupotea. Akasogea, akaliegemeza shavu la mguu wake wa kulia juu ya ekzosi, akakandamiza.

"Kanze, toa mguu."

Hakutoa. Midomo yake ikaanza kutembea polepole, bila sauti. Thoya akaitazama, na alipotambua maneno yenyewe uso ukambadilika. *Ufalme wako uje.* Ngozi ilianza kunuka.

"Inatosha, nimekwambia!"

*Utupe leo riziki yetu.* Nyevu alikuwa amembeba Idah na kugeuka upande wa pili. Thoya akanyoosha mkono amvute, mkono ukabaki hewani. *Utuokoe na yule mwovu.* Kanze akafika Amina, ndipo akautoa mguu.

Akajifungua kamba za lastiki, akaikunja suruali hadi gotini. Mguu ulikuwa kama alivyouosha asubuhi.

"Umesikia nini?" Thoya akauliza.

Kanze akafikiri, kwani alitaka kusema kweli. "Vuguvugu. Kama kushika bilauri ya chai kwa nje."

Thoya akazima pikipiki.

Jumatatu mvua ilianza kabla ya saa moja. Thoya akavaa jinzi, akavaa mpira juu yake, akaondoka. Kanze alisimama mlangoni mpaka mlio ukaisha, kisha akaenda kufua nepi. Mchana alipika. Watu walikuja wakamsalimu, akasema njema.

Saa kumi na moja akasikia mlio. Thoya aliingia uani ametapakaa tope jekundu upande wa kulia, kutoka bega hadi kiatu.

"Umeanguka."

"Palepale."

"Na mguu?"

"Niliondoka nao, nimerudi nao." Akavua, akazitupia ukutani, akaingia ndani akiita chai. Alichechemea vilevile kama jana, si zaidi.

Asubuhi Kanze akazifua. Juu ya nyonga mpira ulikuwa umekwaruzwa, jinzi ikatoboka, na tabaka la kwanza la hando limechanika; la pili zima. Kwenye ngozi palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, gumu, linalong'aa. Akaigeuza ndani nje. Bafta ilikuwa nyeupe.

Akakaa chini kando ya karai. Hakulia. Lakini baada ya muda akahisi kitu tumboni, akadhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa. Akaenda jikoni, akakuta mhogo wa jana, akaula umepoa hivyo hivyo, na akashangaa kwamba chumvi imezidi. Ameupika mwenyewe. Tangu lini aliweka chumvi nyingi namna hii, na hakuna aliyemwambia?

Akalitafuta daftari. Akafungua ukurasa wa mwisho, upande ulioandikwa *Kiangazi*, akaandika: vumbi. Halafu: jua. Halafu: nyepesi, ipitishe upepo, ngozi mguu wa kulia.

"Mama!" akaita. "Hando limebaki?"

"Limebaki la nyonga moja," Nyevu akajibu kutoka uani. "Kwani huyo ataanguka na kiangazi?"

"Ataanguka. Usilitupe."