Namba Isiyotolewa na Mtu

Asubuhi ile ya mwezi wa Poush, mwezi wa baridi, ukungu ulikuwa mzito hata jukwaa la stesheni ya Bokuldighi likawa na mwanzo tu, mwisho halina. Jharna Samanta, mkuu wa stesheni, alisimama mlangoni pa ofisi amejitanda shali mpaka kichwani, akawasikia abiria bila kuwaona: wauza maua na vikapu vyao, wanawake wanaowahi kazi za ndani Kolkata, makarani ambao walikuwa wameshaanza kugombana juu ya karata. Sauti zilielea peke yake, kama za watu waliosahau miili yao nyumbani.

Saa kumi na mbili na dakika tano taa zote za ishara zikageuka nyekundu, na mitambo ya mezani kwake ikanyamaza. Treni ya kwanza ilikuwa imeondoka dakika tatu kabla, kuelekea Shaluktala, stesheni inayofuata. Ya pili ilikuwa inaingia, imejaa hadi milangoni.

Kazi ya namna hii Jharna aliijua kama anavyojua kuvaa sari. Mitambo ikifa, treni huendeshwa kwa mdomo na karatasi. Unampigia simu mwenzako wa mbele. Yeye anatoka nje, anaiona kwa macho yake treni iliyotangulia ikifika, anaitafuta taa ya mkiani, maana treni yenye taa ya mkiani ndiyo nzima, haikuacha behewa njiani. Ndipo anafungua droo, anakusomea namba moja ya siri kutoka kwenye orodha yake, anaikata kwa kalamu, nawe unaiandika kwenye hati ya ruhusa anayopewa dereva. Bila namba hiyo, hata waziri awemo ndani, gurudumu haligeuki.

Kwa miaka kumi na tisa namba hizo alipewa na Anadi Kundu, mkuu wa stesheni ya Shaluktala. Ana kwa ana walikuwa wameonana mara mbili: kwenye harusi ya binti wa mwenzao, na kwenye semina ya usalama ambamo wote wawili walisinzia. Mengine yote yalikuwa sauti. Kaka Anadi alikuwa akitaja namba mara mbili, polepole, na kikohozi kidogo katikati, kisha anaongeza neno lisilo na kazi yoyote. Leo mke wangu amekaanga samaki ilish. Leo mvua imeingia ofisini kuja kukata tiketi. Alifariki mwezi wa Kartik, miezi miwili iliyopita; moyo ulisimama akiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Jharna hakwenda kumuaga. Angejitambulisha kama nani? Mumewe alimuuliza mara moja tu mbona hali chakula, akajibu kwamba jino linamsumbua.

Sasa Shaluktala alikuwepo Dibyendu Hazra, kijana anayesema haraka haraka kama anayekimbizwa. Aliposhika simu alisema treni ya kwanza hajaiona, ukungu umemzidi, atatoka akaangalie, dada asikate.

Jharna hakukata. Alikaa na simu sikioni, kiwiko juu ya meza. Waya ulikuwa unavuma kwa mbali, mvumo ule ule wa miaka yote. Dirisha lilikuwa jeupe. Ukungu uliingia kwa chini ya mlango, ukapanda miguu ya kiti, na joto la shali likamfikia mabegani. Miezi miwili hakuwa amelala usingizi wa maana. Huko nje mtu alikuwa anauza muri, bisi za mchele, analiita jina la muri kama analiita jina la mtoto.

"Arobaini na saba," sauti ilisema. Kikohozi kidogo. "Arobaini na saba. Na ukungu huu, Jharna, hata kunguru wanakwenda kwa miguu."

Akatabasamu. Akaandika 47, akatia saini, akagonga muhuri. Akampa hati Gopen, mzee wa bendera, naye akaondoka nayo taratibu kuelekea kichwa cha treni, akamezwa na weupe.

Simu ilikuwa imelala juu ya meza. Ikasema, "Dada? Dada Jharna, bado upo? Haijafika bado. Dereva wake amesimama katikati huko, anaogopa hata kivuli chake. Ningoje."

Alitazama nakala iliyobaki kitabuni. Mwandiko ulikuwa wake, muhuri haujakauka. Arobaini na saba. Akawa anatafuta kichwani mtu aliyeitaja, akampata.

Mbele, dereva akapiga honi. Hati imemfikia.

Kilichobaki ni gadi, mtu wa behewa la mwisho, apunge bendera ya kijani na kumgongea dereva kengele. Ofisi ya Jharna ilikuwa karibu na mkia wa treni kuliko kichwa, na hilo ndilo lililowaokoa. Alikimbia, kandambili moja ikabaki njiani. Gadi alikuwa ameshanyoosha mkono nje ya mlango. Jharna aliidaka bendera, akakishika kitambaa chote ngumini.

"Dada, dereva keshapiga honi," gadi alisema.

"Hatutoki."

"Kuna nini?"

"Hatutoki, kaka. Usiiachie treni hii mpaka nije mwenyewe."

Kisha akatembea. Mabehewa kumi na mawili, mguu mmoja mtupu kwenye saruji yenye umande. Madirisha yalipita moja moja kama ya nyumba zilizo chini ya maji, nyuso zikajitokeza na kufutika. Mmoja alimuuliza kama wapike kabisa chakula cha mchana humo humo. Mwingine akasema mwacheni, mama anakwenda kuisukuma, na behewa zima likacheka. Muuza maua mmoja alimwambia kwa upole tu kwamba maua haya yalikuwa ya harusi, yakichelewa zaidi yatafaa msibani. Jharna aliwasikia wote. Alihesabu milango, na kila mlango ulikuwa na watu.

Kanai Bera, dereva, aliisoma sura yake kabla hajaombwa kitu. Akamrudishia hati kupitia dirishani.

"Njia haina nafasi?"

"Haina. Ya mbele imesimama."

Kanai akainama dirishani. "Ichane, dada. Mimi sijaona kitu, na mzee Gopen hajui kusoma."

Gopen aliangalia pembeni, kwenye ukungu.

Jharna aliilaza hati juu ya goti, akachora mistari miwili kuikatisha, akaandika imefutwa, na saa. Hakuichana.

Dakika kumi na nne baadaye Dibyendu alipiga, anahema. Treni imefika, taa ya mkiani ameishika kwa mkono wake, namba themanini na tatu. Jharna akamwomba airudie. Akairudia. Akamwomba kwa mara ya tatu, na kijana, bila kuuliza kwa nini, akaitaja polepole. Jharna akaandika hati mpya, akaenda mwenyewe kumruhusu gadi, na treni ya pili ikatoka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Ndipo akampigia mdhibiti wa zamu, Nirupam Dolui, aliyekuwa akiwasikiliza wakuu wote wa njia ile kwa miaka mingi. Akamweleza ametoa hati bila ruhusa na ameifuta.

"Na namba hiyo alikupa nani?"

"Anadi Kundu."

Waya ukavuma.

"Jharna. Anadi amekufa."

"Najua," alisema, na lilikuwa neno la kwanza kulisema kwa mtu yeyote juu ya jambo hilo.

Nirupam hakupandisha sauti. Alisema ataleta mtu wa kumpokea zamu kwa treni ya saa tatu, na uchunguzi utakuwepo, hilo haliepukiki. Mpaka hapo aendelee, hakuna mwingine. Lakini kitabuni hawezi kuandika jina lile.

"Niandike nini?"

"Andika ukweli. Kwamba haikutolewa na mtu."

Jharna alifungua kitabu cha zamu. Aliandika tarehe, saa, namba ya treni. Kalamu ikasimama. Aliitegea sikio simu, mle ndani ya mvumo wa waya, kwa muda mrefu kuliko kazi inavyoruhusu, na hakukohoa mtu.

Akaandika: *Namba 47 haikutolewa na mtu yeyote.* Akatia saini.

Treni ya tatu ilikuwa inaingia. Akampigia Dibyendu.